Kibati cha Mbele

Siku kaka yangu Mrisho alipofungua kibati cha baiskeli yake naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa. Siku ya kuolewa nilifunikwa kanga usoni, sikuona kitu. Siku ya kibati niliona yote, maana skrubu nilizishika mimi kiganjani.

Mwanangu, nimechoka kuisimulia habari hii. Niliwasimulia wanangu, wakanisikiliza kwa adabu huku macho yako mlangoni. Nikasema basi, nitakufa nayo. Sasa juzi mjukuu wangu, naye ni Mrisho kwa sababu jina la kaka nilimpa mimi, kaja kutoka Dar es Salaam na gari la spoti, na nikalazimika kuifukua tena.

Gari lenyewe ni jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Kuliingia lazima uchuchumae, na kutoka ni mpaka mtu akuvute mkono. Kwa magoti yangu haya nililisifia nikiwa nje. Sikatai, ni zuri. Mjukuu wangu kalitafuta kwa jasho lake na mtaa mzima wa Ng'ambo ulitoka kulitazama, nami nikakaa barazani nimenyoosha shingo kama niliyelizaa. Lilikuwa litangulie msafara wa harusi ya dada yake, kumpeleka kwa mume Nzega.

Asubuhi nachambua mchele, namwona kapiga magoti mbele ya gari na bisibisi. Nikamuuliza kama limeumwa jino.

"Bibi, hii fremu ya pleti namba inaharibu sura," akasema. "Ndinga yote kali, halafu mbele limevalishwa sahani. Naing'oa, matundu naziba, napiga rangi. Pleti nitaitupia ndani, pale kwenye kioo."

Nikamwambia aache. Akacheka, akasema nyuma ipo nyingine, anayetaka kusoma na asome ya nyuma. Nikamjibu kwamba mtu husalimiwa akija, hasalimiwi akishapita. Akazidi kucheka.

"Bibi, wewe unajua nini habari za magari? Hata baiskeli hukuwahi kupanda."

Hapo akawa amelitaja lenyewe. Nikaweka ungo chini. Nikamwambia aache hiyo bisibisi, avute kigoda, akae. Nawe mwanangu unayesoma, kaa.

Wakati wetu baiskeli zilikuwa na namba. Ukinunua baiskeli unakwenda kuilipia kodi, unapewa kibati kidogo cha chuma chenye tarakimu, unakifunga mbele chini ya taa. Mimi shule niliiacha darasa la pili, baba aliona ndoo ya maji ina haraka kuliko kalamu. Lakini tarakimu nilizijua, na nilizijulia kwenye vibati. Nilikuwa nakaa mlangoni nazisoma kwa sauti baiskeli zikija, na wenyewe wakinitania kwamba nimekuwa karani wa barabara.

Kaka Mrisho alikuwa fundi cherehani, kijana mrefu, mpole, anayependa kupendeza kupita kiasi. Suruali aliipiga pasi mpaka ukiigusa inakukata. Alikuwa ameposa Bukene, binti anaitwa Tatu, na posa ilikuwa imekubaliwa. Baiskeli aliinunua kwa ajili hiyo, mpya, nyeusi, imeng'aa kama mbegu ya ukwaju. Alitaka ashuke nayo kwenye treni pale stesheni ya Bukene, wakwe wamwone, majirani wa wakwe wamwone, na mbuzi wa majirani wamwone.

Ila kibati kilimkera. Aliona kinaharibu sura, na baiskeli ikienda kilikuwa kinalialia mbele kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alhamisi moja akachukua koleo, akakifungua. Akanipa mimi pamoja na skrubu zake, akaniambia, mdogo wangu, tunza, nikirudi Bukene nitakirudisha. Nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu. Mama alipita na kuni, akamwambia umeivua baiskeli shanga, itakuja kuona haya. Tukacheka wote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini ujanani nani anaangalia ndani.

Kesho yake alasiri akatoka nayo peke yake njia ya Kwihara, kujaribu mwendo. Akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, anapiga mluzi.

Alasiri hiyohiyo, njia ya Kipalapala, upande mwingine kabisa, alikuwako mama mmoja mtu mzima akiitwa Bi Nyamizi. Alikuwa akiuza uyoga mjini, na ameuza, anarudi kwake. Ikaja baiskeli kwa kasi ikamkumba. Kapu likaenda upande wake, yeye upande wake, mguu ukavunjika chini ya goti. Yule mwendeshaji akainuka, akapanda, akaondoka. Watu walipomuuliza mama yule ameona nini, alisema uso hakuuona, jua lilikuwa machoni. Ameona baiskeli nyeusi, mpya, na mbele haina kibati.

Kabla ya magharibi wakafika kwetu. Mgambo mmoja, na nyuma yake majirani, wengine walikula kwetu wiki ileile. Wakaizunguka baiskeli kama nzi kwenye maziwa. Kaka hakuogopa hata kidogo. Akaniita, akaniambia nilete kibati, akidhani kibati kitamtetea. Nikaja, nikafungua lile pindo mbele ya watu wote.

Mgambo akakipindua kiganjani. "Kumbe kipo. Sasa kwa nini kifichwe kwenye kanga ya mtoto?"

"Sikukificha," kaka akasema. "Kilikuwa kinaharibu sura ya baiskeli."

Mtu mmoja akacheka. Mwanangu, ukweli mwingine ni wa kipuuzi mpaka unafanana na uongo. Laiti angesema kimekatika skrubu, labda wangemwamini. Alisema kweli na kweli ikamwangusha.

Wakampeleka kwa mzee wa mtaa, baba yetu akifuata nyuma na kofia mkononi, hajawahi kutembea kichwa wazi maisha yake. Bi Nyamizi akaletwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa vijiti. Watu walijaa mpaka uani. Tulijua akisema "ndiye", kaka anakwenda jela na posa imekufa. Akisema "siye", tunarudi nyumbani kula. Mzee wa mtaa akamuuliza, mama, ni huyu?

Alimtazama kaka muda mrefu. Maumivu yalikuwa yanamtoa jasho, na bado alimtazama kwa utulivu, kama anayechagua mbegu. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mimi niliona kitu kisichokuwepo. Siwezi kumfunga mtoto wa watu kwa kitu kisichokuwepo. Mwacheni."

Mama yangu akaanza kulia kwa furaha. Bi Nyamizi akainua mkono, hakuwa amemaliza.

"Lakini wewe kijana, sikia. Baba yangu alikuwa mpagazi, kabeba mizigo toka hapa hadi pwani. Alinieleza kwamba kila mzigo ulitiwa alama ya mwenyewe. Mzigo uliokosa alama, lolote lililopotea safarini aliulizwa aliyeubeba. Alama yako umeivua kwa mkono wako. Nikikutazama naona ndiwe, nikitazama tena naona siwe. Nami nitakufa hivyo, sijui. Mguu wangu utaunga. Hilo lako sijui kama litaunga."

Wakambeba wakaondoka. Kaka akarudi nyumbani huru, na usiku ule akakifunga kibati mahali pake, akakaza mpaka koleo likamchubua.

Wahenga wanasema lisemwalo lipo. Na mimi kibibi nisiyesoma nawabishia wahenga: lilisemwa, na halikuwepo. Ila treni ya Bukene ilibeba maneno ikamwacha kaka stesheni. Mshenga alirudi na posa imefungwa vizuri kwenye kitambaa, heshima zote, hakuna tusi. Alituambia tu kwamba upande wa binti wanaomba wapewe muda. Muda huo ulimwoza Tatu kwa mtu mwingine.

Kaka alioa baadaye, akazaa, akashona nguo za nusu ya mji huu. Aliyemgonga Bi Nyamizi hakujulikana mpaka leo. Na kwa sababu hakujulikana, nafasi yake ilibaki wazi, na watu hawapendi nafasi iliyo wazi. Wakamkalisha kaka. Hawakumtukana. Walikuwa wakinyamaza kidogo akipita, kisha wanaendelea na mazungumzo.

Hayo aliyabeba. Lililomshinda ni jingine. Mama yetu alipougua ule ugonjwa wa mwisho, kaka ndiye aliyekuwa akimlisha uji. Siku moja mama akamshika kifundo cha mkono, akamuuliza taratibu.

"Mrisho, mwanangu, haikuwa wewe?"

"Haikuwa mimi, mama."

"Basi nimeamini."

Akanywa uji wake wote. Kaka akatoka uani, akaosha kile kibakuli, akakiosha tena, akakiosha tena. Mama kaamini, ndiyo. Lakini kauliza. Miaka yote ile alikuwa anakula naye, anacheka naye, na swali liko kifuani. Nilimwona kaka amezeeka pale pale kwenye ndoo ya maji.

Kaka naye tulimzika, Mungu amrehemu. Narudi na wanawake wenzangu baada ya mazishi, nyuma yangu nasikia mtu anamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, marehemu si ndiye yule wa Bi Nyamizi? Sikugeuka. Ningegeuka nikasema nini? Nilikuwa nimechoka tangu zamani.

Nilipofika hapo, mjukuu wangu Mrisho alikuwa ameinamia bisibisi yake, haichezeshi tena. Aliniuliza tu, "Jina langu ndilo la huyo?" Nikamwambia ndilo, na nililitunza miaka mingi bila mtu kulivaa, nikingoja liishe harufu.

Akainuka, akaenda mbele ya gari. Ile fremu ilikuwa imeshatoka sikio moja, plastiki imepasuka, kurudi haiwezekani. Akalipeleka gari kwa fundi, mtaa wa Isevya. Kumbe hata kutoboa bampa upya hakukuhitajika. Pale mbele pembeni pana kifuniko kidogo. Ukikitoa chini yake pana tundu la kufungia ndoano ya kuvutia gari likikwama. Fundi akakaza chuma humo, akafunga fremu mpya juu ya chuma, na pleti ikakaa upande kama kofia ya kijana anayekwenda kutembea. Yale matundu ya zamani akayaziba. Sura ya gari ikabaki, na jina likabaki. Kumbe yote mawili yanawezekana, ni kaka yangu tu hakuwa na wa kumwonyesha.

Jioni akalisimamisha kule barabarani, akapaza sauti, "Karani wa barabara, unaisoma?"

Macho yangu haya yana ukungu. Herufi zilinitoroka. Tarakimu nilizisoma zote, moja moja, kwa sauti, majirani wanasikia. Akapiga honi.

Harusi ikaenda Nzega. Njiani trafiki walimsimamisha, wakatazama mbele, wakampungia mkono apite. Hakuna lililotokea. Ndiyo raha yenyewe hiyo, mwanangu, lisitokee. Uzeeni nimejua kwamba safari nzuri haina hadithi.

Basi nasaha yangu ni hii, na ukiisahau nyingine zote hii ishike. Usijivue alama yako ili upendeze. Unadhani ukiitoa utabaki mtupu na mrembo, hujulikani, upepo tu. Sivyo. Asiye na jina hupewa la mwizi, hupewa la muuaji, hupewa la yeyote aliyekimbia. Namba ile mbele ya gari unaiona ni ya askari wa kukukamata. Ni yako. Ndiyo itakayosema siku watu wamekasirika na wewe huna shahidi: huyu siye, mtafuteni mwingine. Na kama chombo chako kimemwumiza mtu, simama, shuka, jitaje. Aliyemkimbia Bi Nyamizi hakuvunja mguu mmoja tu. Alivunja na nyumba yetu, na huenda hajui.

Nenda sasa, mwanangu, mchele wangu haujaisha kuchambuliwa. Mola akutangulie barabarani kama jina lako linavyokutangulia. Akupe magurudumu yanayotii na miguu inayosimama panapotakiwa kusimama. Usiulizwe swali na mtu anayekupenda. Na siku ukibebwa na wewe kurudishwa udongoni, wanaotembea nyuma wawe wanakutaja kwa jina lako tu.