Bango Lenye Neno Moja

Glenys Hatherley alianza kumdharau Jory Tatlow kabla hajamtia machoni, na katika hilo hakuwa peke yake.

Ilikuwa Novemba, siku ya uteuzi, klabu za mpira wa Kiaustralia, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga teke, zinapopokezana zamu kuchagua vijana wa msimu ujao. Washabiki wa timu ya Korongo walikuwa wamejazana katika baa ya klabu yao, magharibi mwa Melbourne, macho yote kwenye televisheni. Timu ilikuwa imemaliza msimu karibu na mkia, kwa hiyo ilipewa zamu ya mapema, na kila mtu mle ndani alijua zamu hiyo ni ya nani. Ni ya Digby Loxton: mshambuliaji mrefu, mtoto wa shule ya gharama, ambaye baba yake aliwahi kuvaa jezi ya Korongo. Magazeti yalikuwa yamemwandika mwaka mzima. Pina Scarfò, msusi wa mtaa wa Yarraville, alikuja na keki iliyoandikwa DIGBY kwa krimu.

Mkuu wa usajili akasimama, akarekebisha miwani yake, akasoma: Jory Tatlow, wa Kisiwa cha King.

Mzee mmoja akauliza kama wameweka chaneli sawasawa.

“Nani?” akasema Glenys.

“Kisiwa cha King,” akasema Merv Pascoe, dereva mstaafu wa treni ambaye hukaa jirani naye kila mechi. “Kule kuna ng’ombe, jibini na upepo. Sisi tumechagua kipi?”

“Upepo!” sauti ikajibu kutoka kaunta.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya wapinzani wao wa ng’ambo ya mto, nao hawakusubiri hata kukohoa. Wakamchukua Digby Loxton. Keki ililiwa hata hivyo, kwa hasira, herufi moja baada ya nyingine.

Kiangazi kizima hakikuwa na mazungumzo mengine. Kwa mchinjaji, redioni, kwenye foleni ya pai, watu waliojua mpira na watu waliojua kupaza sauti tu walikubaliana kwamba klabu imerogwa. Ilijulikana kwamba Tatlow ana miaka ishirini, umri ambao wenzake wanakuwa wameshachaguliwa au wameshasahaulika. Ilijulikana kwamba kazi yake ni kuokota mwani mnene unaotupwa ufukweni na mawimbi na kuusomba kwa lori ukakaushwe. Kisiwani kwao timu ni chache kiasi kwamba wachezaji hukutana na walewale kila baada ya wiki mbili tatu, mpaka wanajua hata mwenzao kala nini asubuhi.

“Anaokota mwani,” Merv alisema, akiwa amesoma yote yaliyoandikwa juu yake, yaani aya mbili. “Basi akiangusha mpira hatapata taabu. Kuinama anajua.”

“Mnamsema mtoto wa watu kama alijichagua mwenyewe,” alisema Pina. “Msemeni yule mwenye miwani.”

“Mwenye miwani hapiti kwenye bango langu,” alijibu Glenys.

Aliposema bango langu hakutia chumvi. Kabla ya kila mechi ya ligi, kikundi cha washangiliaji husimamisha uwanjani pazia kubwa la karatasi kati ya nguzo mbili, wachezaji wakaja mbio wakalipasua na kupita. Upande mmoja huwa na maneno: utani, kijembe kwa wapinzani, pongezi kwa aliyefikisha mechi zake mia. Kazi ya jioni nzima huraruliwa kufumba na kufumbua, na wiki ijayo wanaanza upya. Maneno ya bango la Korongo yalikuwa ya Glenys tangu alipokuwa msichana wa nywele ndefu, na sasa alikuwa bibi wa wajukuu watatu.

Siku za kawaida alifanya kazi kwa dobi. Alisimama kaunta akipokea suti za watu na kuwaambia bila kuulizwa doa lile limetokana na nini. Mumewe Kev alihamia Queensland miaka mingi nyuma kufuata jua na mwanamke mmoja mwenye boti, na Glenys aliposimulia habari hiyo alilalamika zaidi kwamba Kev alifika huko akabadilisha timu. Hakuwa mtu wa kupendwa kirahisi. Kilichomfanya akae mbele ya kikundi, watu wakameza maneno yake makali, ni kwamba aliwajua wachezaji. Si majina na namba tu, hivyo hata mtoto anajua. Alimtambua mchezaji wa Korongo kwa mgongo, kwa mwendo, akiwa amejifunika koti la mvua kichwani. Aliwatambua wale ambao klabu yenyewe ilikuwa imewasahau, waliocheza mechi mbili wakarudi kuuza magari. Kwake, Korongo hakuwa jengo wala rangi. Alikuwa ni wale watu, na hapakuwa na hata mmoja aliyempita bila kumjua.

Ndiyo maana Tatlow alimkera kuliko alivyowakera wengine. Mazoezi ya wazi ya kiangazi alikwenda yote, na Tatlow hakuonekana. Walisema ana maumivu ya paja, anafanya mazoezi peke yake ndani. Picha ilikuwepo moja tu, ya usiku wa uteuzi: nywele mabegani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Machi ilipofika na mechi ya kwanza ya nyumbani ikakaribia, Glenys alikiambia kikundi kwamba safari hii bango litakuwa na neno moja. NANI? Herufi nyeusi, ndefu kuliko mtu. Wakubwa wa klabu walisome wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vya ngozi, na televisheni ilionyeshe nchi nzima.

Pina alipinga. “Huyo kijana atapita hapo siku moja.”

“Hatapita. Hatapangwa. Atarudi kwao Agosti na koti la klabu, amsimulie ng’ombe.”

“Na akipangwa?”

“Pina, dada yangu, mimi nimeandika mabango haya nikiwa na mimba, nikiwa na homa, na siku niliyomzika mama. Sijawahi kuomba kitu. Neno hilo likisimama Jumamosi, sawa. Lisiposimama, naweka brashi chini na mtatafuta mwingine.”

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Pina ulibaki chini peke yake.

Alhamisi walikutana ukumbi wa skauti, mahali wanapotengenezea mabango, jua la jioni likiwa bado limejaa madirishani. Mavazi ya kazi hiyo ni soksi, maana kiatu hutoboa karatasi. Walikuwa wanatandaza karatasi za rangi sakafuni na kuziunga kwa selotepu pale kijana mrefu, kichwa kimenyolewa, alipochungulia mlangoni.

Glenys alimtazama juu mpaka chini. Ukumbi ule huletewa vijana waliohukumiwa kufanya kazi za jamii badala ya kifungo. Hupaka rangi uzio, hufagia.

“Umetumwa?” akamuuliza.

“Ndiyo, mama. Nimeambiwa nije kusaidia.”

“Kosa gani?”

Kijana akafikiri. “Sijui. Bado sijaanza.”

“Wote husema hivyo. Vua viatu. Uzio utangoja, kuna kazi hapa.”

Akavua viatu. Alipewa herufi ya kwanza aibandike, na akafanya kazi kwa magoti, kimya, kwa mikono mikubwa yenye makovu madogomadogo. Glenys alimkemea mara mbili kwa kuvuta selotepu kupita kiasi. Mara ya tatu hakupata cha kumkemea, jambo lililomuudhi kidogo.

Mazungumzo yakaendelea juu ya kichwa chake.

“Nasikia kule kwao walimfundisha kupiga teke kwa kutumia kichwa cha kabichi,” alisema Merv.

“Kabichi ingekuwa na mwendo mzuri kuliko safu yetu ya kati.”

“Mke wangu anasema labda ni mpwa wa mwenye miwani.”

“Hapana, angekuwa mpwa wake tungemwona kwenye harusi. Huyu hajaonekana popote. Mimi naamini hayupo. Wamemtunga.”

Walicheka mpaka Merv akakalia kopo la rangi. Kisha akamgeukia mgeni. “Na wewe kijana? Huyo Tatlow unamwonaje?”

Kijana hakuinua macho. “Mimi naona amechaguliwa mapema mno.”

“Mnasikia?” Merv akapiga paja. “Hata wafungwa wanajua!”

Glenys naye alicheka, akamsogezea kijana sahani ya sandwichi, akamwambia achukue mbili kwani mwili ule haujengwi kwa moja.

Wamefika kwenye alama ya kuuliza, wanakata ile nukta ya chini, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Anneke, mfanyakazi wa ofisi ya klabu, anahema.

“Jory! Umezima simu? Timu imetangazwa. Umo! Kocha anakutaka sasa hivi.” Akawageukia wengine, bado anatabasamu. “Ahsanteni kwa kumpokea. Tuliwaandikia kwamba tutawaletea mmoja wa wapya awasaidie, hamkujibu.” Ndipo akaangalia sakafuni, akasoma.

Selotepu ilibaki imening’inia mkononi mwa Merv. Kijana akainuka taratibu, akaipangusa kaptura, na sasa aliposimama wima kila mtu aliona kitu ambacho kila mtu angepaswa kukiona mapema: mabega yale, shingo ile, paja la kulia lililofungwa bandeji chini ya kaptura. Hakuna mfungwa anayefungwa bandeji na daktari wa timu.

“Kwa nini hukusema?” Glenys akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

“Uliniuliza kosa, mama. Jina hukuniuliza.”

“Na hili neno? Umelibandika mwenyewe, umekaa kimya.”

“Nilidhani ndiyo desturi. Kwa wageni.” Akainama kutafuta viatu vyake. Masikio yalikuwa yamemwiva. “Nikalibandika vizuri, basi.”

Pina ndiye aliyelipuka kwanza. “Lichaneni! Lichaneni sasa hivi, mmeaibisha kikundi!”

“Tulipiga kura,” akasema Merv, bila nguvu. “Ni kwa ajili ya wakubwa. Kijana anaelewa. Si unaelewa, kijana?”

“Naelewa,” alisema Jory kwa namna ya mtu anayejibu polisi. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. “Ila mama na babu watakuja Jumamosi. Wataniuliza.”

Anneke akamshika mkono wakaondoka. Nyuma yao ukumbi uligawanyika. Wapo waliosema bango lisimame, klabu imejitakia. Wapo waliosema lisisimame, ila hawakuwa tayari kuanza upya na muda ule. Mmoja alishauri waandike jina lake chini kwa maandishi madogo, akaambiwa anyamaze. Wote walikuwa wanamtazama Glenys, maana yeye ndiye aliyesema ama neno lile lisimame ama aweke brashi chini, na walimjua kwamba hakuwa mtu wa kuvunja neno lake.

Glenys alikuwa amesimama upande wa juu wa bango, akilisoma kichwa chini miguu juu. Mtu yule alikuwa amepiga magoti mbele yake, umbali wa mkono. Alimkemea na kumlisha. Alimtazama usoni akaona mwizi wa baiskeli.

“Nani kati yenu alimtambua?” akauliza.

Merv akaanza kuikunja selotepu yake.

“Basi hatuna haki ya kuuliza.”

Akapita katikati ya bango. Alitembea kwa soksi kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akiburuta miguu, na karatasi ikachanika nyuma yake kwa sauti ndefu. Alipofika mwisho akaichukua brashi yake kutoka kwenye kopo, akaiosha kwa makini kwenye sinki, akamkabidhi Pina.

“Glenys, usiwe mtoto,” alisema Merv.

“Nilisema lisiposimama naiweka chini. Halisimami.”

“Umelichana wewe mwenyewe!”

“Ningemwachia nani kazi hiyo?” akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.

Jumamosi Korongo waliingia uwanjani wakipasua bango la kijivu na nyekundu, rangi za klabu, lisilo na neno hata moja. Pina hakuwa mtu wa maneno. Watangazaji walidhani ni maombolezo, wakaulizana ni nani aliyefariki. Glenys hakuwa nyuma ya goli na kikundi. Alikuwa ameketi juu, katikati ya wanachama wa kawaida, watu wanaokuja na mito ya kukalia, na mikono hakujua aiweke wapi. Watu wawili walimsalimia wakamuuliza kama anaumwa.

Wakati wa mapumziko Merv alipanda ngazi akimletea chai. “Rudi chini, bwana. Bila wewe Alhamisi ijayo tutaandika nini?”

“Andikeni mnachokijua,” alisema Glenys. “Hamtajaza karatasi.”

Chai aliipokea. Chini hakushuka, wala wiki iliyofuata hakushuka.

Tatlow alicheza kama walivyotabiri, na hilo lazima lisemwe. Aligusa mpira mara chache, akaupoteza mara nyingi katika hizo. Alikimbilia mahali mpira ulipokuwa umeshaondoka. Robo ya mwisho mpira ulimjia mkononi karibu na uzio, hana mpinzani mbele, goli linamsubiri, naye akaupiga ukaruka juu, ukapepesuka, ukaangukia mapajani mwa mwanamke aliyekuwa anakula chipsi. Uwanja mzima uliguna, na jukwaa lote alilokaa Glenys likaanza kuzomea namba yake.

Glenys alisimama. Alikuwa na sauti iliyozoea kuvuka uwanja.

“Tatlow!” akapiga kelele. “Jory Tatlow! Tulia kwanza ndipo upige, mbumbumbu wewe!”

Kijana akageuka, akatafuta jukwaani sauti imetoka wapi. Kisha akakimbia kurudi nafasi yake, akichechemea kidogo paja la kulia, na Glenys akabaki amesimama, akiutazama mwendo ule.