Wino Mwekundu

Tarehe kumi na nne Agosti 1985 nilimpoteza mama. Alikuwa na pumu tangu ujana, lakini si pumu iliyomuua.

Siku hizo kila mgonjwa wa maradhi ya kudumu alikuwa na daftari lake la shule, tabibu akiandika humo maradhi na dawa zake. La mama lilikuwa la miaka sita. Masika paa la makuti likavuja juu yake. Tulipolipeleka zahanati ya Gede, nesi alilishika kwa ncha za vidole.

"Hili daftari au tambara la jikoni? Nenda kaandike jipya."

Watu kwenye benchi walicheka. Mama naye alicheka, kwa adabu.

Nilisoma hadi darasa la nne. Kiingereza cha matabibu sikukielewa, nilikinakili herufi kwa herufi, siku mbili nzima. Palipoandikwa kwa wino wa buluu nilinakili. Katika ukurasa mmoja, daktari wa hospitali kubwa alikuwa ameandika mstari kwa wino mwekundu. Huo niliuruka. Shuleni kwetu wino mwekundu ulikuwa wa mwalimu akionyesha kosa, na mtu akiandika upya safi, kosa halinakiliwi. Sikumuuliza mtu. Mama alilipapasa daftari jipya, akawaonyesha majirani hati yangu.

Mwezi wa nane tulikwenda Magarini kwa mdogo wake. Huko alipata homa na maumivu ya viungo, mama mdogo akatupeleka kwa tabibu wa pale, kijana mpole. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Akamuuliza mama kama kuna dawa aliyokatazwa.

"Yote yamo humo, baba. Mwanangu kaandika."

Akampa vidonge viwili vya aspirini, mama akavimeza palepale. Hatukufika nyumbani. Kifua kilimbana njiani, akakaa chini, midomo ikawa ya kijivu. Alinishika mkono mpaka akauachia.

Baada ya maziko nilirudi Gede na daftari la zamani. Nesi aliufungua ule ukurasa, akausoma mstari mwekundu kimya, kisha kwa Kiswahili: asipewe aspirini kamwe, ilishataka kumuua.

"Nani alinakili?"

"Mimi."

"Basi pumu haikumuua. Umemuua kwa hati nzuri." Akaniambia niondoke dirishani, kuna wagonjwa.

Nilimwambia mama mdogo. Akasema nisimwambie mtu mwingine, maana wataanza kuuliza ni nani aliyempeleka kwa yule tabibu.

Siku ya hitima, wanaume walipomaliza kusoma, niliwaambia wote, wa barazani na wa ndani. Niliwaambia nilichoruka na kwa nini. Mama mdogo aliinuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akavivaa, akarudi Magarini bila kula.