Tumbo la Boa Halikutangazwa

Hasira yangu juu ya jambo hili haijaisha, nami naliandika kabla halijageuzwa kuwa kichekesho cha kuwasimulia wageni.

Nilipoajiriwa katika bustani ya nyoka pale Diani, kazi yangu ilikuwa kutunza friji za panya waliogandishwa. Nilikuwa fundi wa friji mahotelini kwa miaka mingi. Shule niliishia darasa la nane, na mengine nimejifunza kwa vitabu ambavyo wageni huviacha vyumbani. Wafanyakazi wengine walipohama mmoja mmoja, nyoka wakabaki mikononi mwangu.

Miongoni mwao walikuwamo boa wawili, dume na jike, walioachwa na mwenye bustani wa kwanza aliporudi kwao Ulaya. Boa si nyoka wa kwetu; asili yake ni Amerika. Chatu wetu hutaga mayai akayaatamia, lakini boa huzaa watoto walio hai. Hawa wawili hawakuwa wamezaa hata mara moja. Bosi mpya, kijana aliyetoka bara, alikuwa na sababu zake mbili: ama dume ni mvivu, ama hewa ya pwani ina chumvi mno. Hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Mimi nilipima. Niliweka kipimajoto kila upande wa kizimba, nikaandika daftarini asubuhi, adhuhuri na magharibi. Baada ya miezi mitatu jibu lilikuwa wazi. Taa ya joto iliwaka mchana na usiku, mwaka mzima, kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba nyoka wa nchi ya joto akipoa atakufa. Kwa wale boa kila siku ilikuwa joto la Februari. Kumbe dume huhitaji usiku wenye ubaridi kidogo, majuma kadhaa mfululizo, ndipo atambue kwamba msimu umefika. Tena walikuwa wakikaa pamoja siku zote, wamezoeana kama viti viwili vya sebuleni.

Niliomba ruhusa nizime taa usiku wakati wa kusi, miezi ya upepo wa baridi, na niwatenge kwa miezi miwili.

"Unawatenganisha ndio wazae?" bosi aliuliza. "Mzee, hiyo shule ulisoma wapi?"

"Nipe kusi moja tu."

"Wakifa, utavaa hiyo ngozi uwe unapigwa picha na wageni wewe."

Kusi la kwanza lilipotea bure. Niligundua mwishoni kwamba askari wa usiku alikuwa akiiwasha taa kila nikiondoka. Nilipomkabili hakuona kosa. "Niliwaonea huruma," alisema. "Nao ni viumbe wa Mungu." Ningeweza kusamehe uvivu. Huruma isiyouliza swali ilinigharimu mwaka mzima.

Mwaka uliofuata niliing'oa taa yenyewe kila jioni, nikaenda nayo nyumbani kwangu Waa ndani ya mfuko wa mboga. Mwezi wa nane nilimrudisha dume kwa jike. Boa dume ana kucha mbili ndogo karibu na mkia, mabaki ya miguu, na kwa kucha hizo humpapasa jike mgongoni. Niliziona zikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu mikia yao ilikuwa imesokotana, nami nilisimama pale na kalamu yangu nikasahau kuandika saa.

Kufikia mwezi wa kumi jike alikuwa amekataa panya mara nne. Alijivua gamba, kisha akawa analala chini ya taa ya mchana, ubavu umegeuzwa juu, na sehemu ya nyuma ya mwili imejaa. Nilihesabu siku. Angezaa mwishoni mwa Januari, inshallah, kama hangesumbuliwa. Sharti lilikuwa hilo moja tu: asibebwe, asinyooshwe, asiondolewe kwenye joto lake.

Mwanamke aliyekuwa akikata tiketi langoni, mtu wa Msambweni na mama wa watoto sita, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia shaka.

"Mwalimu," aliniita hivyo kwa ajili ya daftari, "huyu bibi yako ana nini? Mbona amekaa kama mja mzito?"

"Ameshiba tu."

"Ameshiba, naye hali?"

"Alikula sana mwezi uliopita."

Akanitazama, akacheka. "Haya. Mimi nimeshiba mara sita."

Kwa nini nilidanganya? Kwetu tumbo halitangazwi. Mke wangu alibeba mimba zake chini ya leso mbili, na jirani akiuliza, jibu lilikuwa kwamba amenenepa. Mimba yetu ya kwanza niliitaja kazini, kwa furaha, na ilipoharibika mama mkwe hakunilaumu kwa neno, ila tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia lolote kuhusu tumbo mpaka mtoto alie. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kijicho hakimwui mtoto wa nyoka. Hata hivyo ulimi ulikataa. Daftarini niliandika kila kitu. Kwa mdomo, hakuna aliyejua.

Mwezi wa kumi na mbili, wageni wakiwa wengi, nilimpeleka mama yangu kliniki Msambweni. Niliporudi alasiri kizimba cha jike kilikuwa wazi na kitupu.

"Yuko wapi?"

"Bosi amempeleka hotelini," alisema mwanamke wa tiketi. "Kuna harusi ya Wazungu ufukweni, walitaka nyoka mkubwa wa kupiga naye picha. Aliniuliza kama huyu yuko sawa."

"Ukamwambiaje?"

"Ameshiba tu. Si wewe mwenyewe uliyesema?"

Nilikwenda na pikipiki. Nilimkuta amenyooshwa mabegani mwa watu saba waliosimama mstari, kwenye upepo, bwana harusi ameshika shingo na mtu wa mwisho anauvuta mkia ili aonekane mrefu. Nilimwondoa mtu baada ya mtu bila kusalimu. Bosi alinivuta kando.

"Mzee, umeniaibisha mbele ya wateja."

"Huyu nyoka ana mimba ya miezi mitatu."

"Mbona hukusema?"

Swali hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya mtu anayemiliki wanyama asiowatazama, na kila neno lilikuwa kweli. Angeweza kuuliza kwa nini nyoka hali. Angeweza kufungua daftari lililolala mezani pake. Lakini swali lake lilikuwa halali, na lilitoka kwa mtu ambaye sikutaka awe na haki hata ya swali moja.

Jike alizaa siku sita kabla ya hesabu yangu, asubuhi, nikiwa nafagia. Watoto hai walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na alama zote za mama yake, wakipasua utando na kutoa ulimi. Watoto watano walikuwa wamekamilika lakini wafu. Yaliyobaki yalikuwa mabonge ya manjano, mayai yasiyowahi kuwa kitu, na hayo hutokea hata kwa jike aliyetunzwa vizuri. Kuhusu wale watano siwezi kuthibitisha kwamba ni ile harusi iliyowaua. Niliwapima urefu, nikawazika nyuma ya jiko.

Kabla ya adhuhuri bosi alikuwa amekwisha kupiga picha na walio hai. Juma lililofuata langoni kulikuwa na bango: MABOA WAMEZALIWA HAPA, KARIBUNI. Aliwaambia wageni kwamba siri ni hewa ya pwani.

Kusi la mwaka huu nimeing'oa taa tena, na wamepandana tena. Jike alipokataa panya wa pili nilichukua ubao na rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi za kusomeka toka barabarani: HUYU ANA MIMBA. ASIGUSWE NA MTU YEYOTE, HATA MWENYE BUSTANI. Nikautundika kizimbani, chini ya kipimajoto.

Mwanamke wa tiketi alikuja kuusoma, mikono kiunoni.

"Mwalimu, mimba ya miezi miwili tu, ushamtangaza? Watu watamwonea kijicho."

"Na wamwonee."

"Mh. Mama mkwe wako anajua?"

Nilisema hajui. Akarudi langoni, kisha nikamsikia akimwambia mgeni wa kwanza wa siku, kwa sauti ya kunifikia, kwamba leo boa hashikwi, ni mja mzito, na anayetaka picha akapige na kobe.