Apolonia wa Marienfeld, Aliyepanda Basi na Watoto

Alizaliwa Apolonia Hertel mwaka 1929, katikati ya theluji, kwenye shamba la ngano nje ya Marienfeld, Dakota Kaskazini, akabatizwa siku ileile kwa kuwa hakuna aliyedhani angeiona asubuhi. Akaiona. Alipokuwa binti wa miaka ishirini na mmoja alipewa darasa katika shule ya umma ya mji, na kwa miaka mingi hakuna mtoto wa Marienfeld aliyejua kusoma bila kupita mikononi mwake. Lakini mashamba madogo yalimezwa na makubwa, vijana wakahama, madarasa yakapwaya. Walimu wakaondoka mmoja mmoja, na masomo yao akabebeshwa yeye.

Jaribu lake lilifika Februari 1987, wananchi walipokutana katika ukumbi wa michezo kupiga kura: shule ibaki, au watoto wapelekwe shule ya mji wa Hessler, mwendo wa saa nzima kwa basi. Mwenyekiti, Alois Fettig, akamwita mbele.

“Mwalimu, hebu waambie shule yetu ni nzuri, tumalize tukanywe kahawa.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. “Alois, kusoma nilikufundisha mimi. Usinitume kudanganya. Hisabati ya wakubwa naifundisha, na siijui. Watoto wanapotea mikononi mwangu.”

Bibi Klotilda Schaan akainuka. “Shule ikifa, mji umekufa! Utatuzika wewe?”

“Najua, Klotilda. Lakini mjukuu wako Lorina bado yu hai.”

Kura zikapigwa, shule ikafungwa. Tangu hapo hakuna aliyeketi naye benchi moja kanisani, na alipougua hakuna aliyempelekea hata kipande cha keki, katika mji ambao hata mlevi akiumwa hupelekewa. Hakulalamika. Septemba, asubuhi ya kwanza ya masomo, alikuwa kwenye kituo cha basi, amejifunga skafu.

“Unakwenda wapi, Mwalimu? Si umestaafu?” dereva akamuuliza.

“Nakwenda na watoto.”

Watoto walikuwa wamekatazwa kumwamkia. Akaketi kando ya Lorina. “Sogea, mjukuu wangu. Nionyeshe hiyo hisabati iliyonishinda.” Binti akatazama nje mpaka minara ya nafaka ya Hessler ilipoonekana, ndipo akafungua kitabu.

Alisafiri nao hivyo kila siku ya shule, wadogo akiwafundisha kusoma, wakubwa wakimfundisha yeye. Januari 1993 tufani ya theluji iliwafukia njiani usiku kucha. Aliwazuia wasilale kwa kuwaimbisha na kuwauliza hesabu, koti lake likiwa juu ya wadogo wawili. Wote walipona. Wanasimulia hadi leo kwamba vioo vyote viliganda barafu, isipokuwa cha dirisha lake. Yeye alifariki kwa homa ya mapafu kabla ya Kwaresima, na wa kwanza kufika msibani na keki alikuwa Klotilda.

Shule ya Marienfeld sasa ni ya njiwa, na nyumba zenye taa zinapungua. Lakini Lorina anafundisha hisabati Hessler, na kila asubuhi mama mmoja miongoni mwetu, kwa zamu, hupanda basi na watoto. Tumwige hivyo: tuseme ukweli unaotugharimu, kisha tusimwache mtoto aende peke yake.