Niligeuza Samaki wa Shemeji

Siku shemeji yangu alipopewa cheo nilichokisubiri miaka sita, karakana nzima ilinipigia makofi mimi.

Msicheke. Ngojeni niwape mkasa wenyewe.

Mimi ni fundi bodi. Tunaunda vigari vya umeme vya magurudumu matatu, vya kusambazia mizigo. Shida yetu ilikuwa upepo. Kigari kikikimbia kinapambana nao, betri inaisha njiani, wateja wanatupigia simu za matusi.

Bosi akasema, "Atakayeleta umbo linalopita kwenye upepo kirahisi, huyo ndiye mkuu wa kitengo cha bodi."

Moyoni nikasema, hapo pangu.

Sasa njoo kwa shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu. Kazi pale nilimtafutia mimi, kwa mdomo wangu huu. Tena anaishi kwangu. Akaanza vituko: samaki nyumbani hapikwi mpaka apimwe! Mke wangu kashika kikaango, mafuta yamechemka, mdogo mtu kainama na futi kamba.

"Shemeji, hebu ona," akaniambia. "Unene wote uko huku mbele, nyuma ya kichwa kidogo tu. Halafu anapungua taratibu mpaka mkiani. Maji yanamteleza, hayamvuti nyuma. Na upepo utafanya hivyo hivyo."

"Mdogo wangu ana akili huyu!" mke wangu akadakia.

Miaka tisa ya ndoa, mimi sijawahi kuambiwa nina akili. Niliumia, siwafichi. Chakula kilinishinda.

Kesho yake nikamkejeli mbele ya mafundi wote.

"We bibi, umeona wapi kitu cha mbio kinatanguliza upande butu? Hata mshale unatanguliza ncha!"

Watu mbavu hawana. Yeye anaendelea kupiga msasa mfano wake, kigari kidogo cha mbao.

Siku ya majaribio ikafika. Mambo yenyewe ni hivi: feni kubwa inapuliza, mfano unafungwa juu ya kitoroli, kitoroli kinavuta mizani. Mfano unaovuta gramu chache ndio umeshinda. Tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Wangu ulikuwa na ncha mbele, kama pasi.

Saa nne wenzangu wakaenda chai. Mimi nikabaki. Nikafunua kitambaa cha mfano wake.

Weee! Alikuwa ameugeuza. Mkia mwembamba ndio umeelekea kwenye feni!

Kumbe maneno yangu yalimwingia. Na mfano wenyewe ulikuwa laini, kazi safi kuliko yangu. Nikaona kabisa kwamba ananishinda kwa wazo langu mwenyewe. Wivu ukanipanda.

Nikachukua spana, nikalegeza nati mbili, nikaugeuza. Kichwa butu mbele, mkia nyuma. Nikakaza, nikafunika, nikaenda kunywa chai huku napiga mluzi.

Waliporudi, wangu ukapimwa kwanza. Gramu mia tatu na arobaini.

Bosi akafunua wa shemeji. Shemeji akautazama mfano, kisha akanitazama mimi. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Feni ikawashwa. Gramu mia moja na tisini.

Bosi akadhani mizani imekufa. Wakarudia mara tatu. Mia moja na tisini!

Samaki alikuwa sahihi tangu kule jikoni, bwege nilikuwa mimi.

Shemeji akanyoosha mkono. "Bosi, mimi niliogopa, nikaugeuza mfano wangu. Shemeji ndiye aliyeurudisha vizuri wakati wa chai. Bila yeye ningeshindwa. Naomba awe msaidizi wangu."

Makofi, vigelegele! Bosi akanikumbatia. "Huu ndio uungwana, bwana!"

Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani mke wangu, aliyekwisha kusimuliwa na mdogo wake, akanipokea mlangoni. "Leo umeniheshimisha kwetu, mume wangu." Sikuweza kumtazama. Nikamfuata shemeji uani, alikuwa anaanua nguo.

"Shemeji, ile leo, mimi siku..."

"Najua. Nilirudi kuchukua simu, nikakuona dirishani. Ulivyokuwa unakaza zile nati, utadhani unamnyonga mtu."

"Sasa mbona hukuugeuza tena?"

"Kwa nini? Ulikuwa umenirudishia umbo langu. Roho ya kurudia wazo langu sikuwa nayo, ukanifanyia wewe."

"Na kunisifu mbele za watu?"

Akaendelea kuanua nguo.

"Ningesema ukweli ungefukuzwa leo leo. Dada yangu na wanawe wangekula nini? Lakini usijidanganye, shemeji. Usaidizi sikukupa kwa wema. Nataka uwe karibu, nikuone."

Akanipachika rundo la nguo mikononi. "Kesho saa mbili kamili. Usichelewe."

Ndugu zangu, mwezi wa saba huu namwita mkuu, na sijawahi kuchelewa. Wivu bado ninao, nisiwadanganye. Ila ukinipanda sasa, naenda kwa mwenzangu nauliza, "Hiki umekifanyaje?" Wewe ambaye umemkasirikia mtu kwa sababu tu anaweza, nenda kamuulize leo, kabla hujashika spana.