Maganda Yaliyopunga Hewa

Mwoka mikate hakuwa mtu wa kukata tamaa, ila viganja vyake vilikuwa vimeshasalimu amri. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: akiendelea kukanda unga kwa mikono, kazi ataiacha kabla hajaota mvi. Mashine ya kukandia alikuwa nayo, na injini ya kuizungusha pia, lakini bei ya dizeli ilikuwa haishikiki. Ama atengeneze mafuta yake mwenyewe, ama afunge duka.

Vya kutengenezea alikuwa navyo tele: maganda ya mayai ya keki zake na mafuta ya kukaangia yaliyochoka. Maganda yakichomwa barabara kwenye tanuri la mumewe, mfinyanzi, hugeuka chokaa kali, na chokaa hiyo ndiyo huyachochea mafuta na spiriti vigeuke dizeli. Alishajaribu mara mbili. Mafuta yalibaki yale yale mazito, injini ikakohoa na kuzimika.

"Mama watoto, tanuri langu si jalala," mumewe alimtania, ingawa kuni alizipasua yeye mwenyewe.

Safari ya tatu, maganda yalipokwisha kuchomwa, akayatwanga na kuyatandaza kwenye trei, karibu na dirisha, yapoe hadi kesho yake kama kawaida. Asubuhi akafungua chungu alichoyachomea, ambacho mumewe alikifunika kingali cha moto. Kipande kimoja kilikuwa kimesalia humo. Kitambaa kibichi kilipokigusa, kikachachatika na kutoa mvuke. Akashtuka. Akanyunyizia maji unga wa kwenye trei. Kimya.

"Baba watoto! Njoo uone ujinga wangu. Kumbe nayaacha yapunge hewa kama mikate!"

Mkate wa moto ukifunikwa hutoa jasho, ukaharibika. Ganda lililochomwa ni kinyume chake: likiachwa wazi hunyonya unyevu na hewa mpaka nguvu zinaliisha.

Mfinyanzi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamfinyangia chungu chenye mfuniko wa kubana.

Siku ya kuijaribu dizeli ya maganda yaliyopoea humo, injini ilikohoa, mwoka mikate akashika shavu. Halafu ikachanganya. Moshi ukanukia jikoni, donge la unga likaanza kuzunguka. Kwa mazoea, akakunja mikono ya gauni na kulisogelea.

"Unakwenda wapi?" mumewe akauliza.

Akasimama, hajui pa kuiweka mikono yake. Mwishowe akaificha chini ya aproni, akalia kwa furaha.