Maziwa ya vumbi: tulivyomlaumu fundi mwenzetu kwa kuugua mapafu

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Haya niliyaona kwa macho yangu. Nimebadilisha majina tu.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Kariakoo nyumba za zamani zinavunjwa, maghorofa yanapanda. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa saiti moja, natoa saruji na kuandika nani kachukua nini.

Fundi niliyemzoea zaidi ni Selemani, mtu wa Newala. Alipanga chumba Buguruni na mkewe na binti yao mdogo, Zuhura.

Kazi yake ilikuwa kukata kuta kwa grinda ili mabomba na nyaya zipite. Zege kavu, chumba hakina dirisha. Akitoka humo, nyusi nyeupe pe.

Kinga yetu? Maziwa.

Kila saa kumi jioni mwenye jengo, tajiri wa Kihindi tuliyemwita Mzee Kanji, alileta maziwa ya pakiti. Pakiti moja kwa kila anayekula vumbi. Alitoa kwa moyo mweupe. Aliamini yanasafisha kifua, na sisi tuliamini. Tuliyaita maziwa ya vumbi. Hata vitambaa vya puani tuliacha kufunga. Vinatia joto, na maziwa si yapo?

Selemani hakunywa ya kwake. Alimpelekea Zuhura.

Miaka ikaenda, tukahamia jengo lingine la Kanji huyohuyo. Selemani akaanza kikohozi kikavu. Kufika ghorofa ya tatu anapumzika mara mbili.

Mponda, mpaka rangi wetu, hakumwacha:

"Kunywa mwenyewe bwana! Zuhura kashika grinda lini?"

Tulicheka. Na mimi nilicheka, siwadanganyi.

Hospitali makohozi hayakuonyesha kifua kikuu, lakini eksirei ilikuwa imechafuka, akaanzishiwa dozi ya kifua kikuu hivyohivyo. Akaimaliza, hakuna nafuu. Hospitali ya pili, dozi tena. Na kila alipoulizwa kazi, alijibu neno moja: kibarua.

Wakuu, hilo neno halimwambii daktari kitu. Anayefagia ni kibarua, anayebeba magunia ni kibarua.

Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Siku moja nimeenda kumjulia hali, nikamsikia mkewe akimwambia Zuhura, "Ungemwachia baba yako hata nusu." Mtoto hajafika hata darasa la tatu. Selemani akageukia ukutani.

Hospitali ya tatu tulikwenda pamoja, mimi, yeye na mkewe. Daktari alikuwa mwanamke.

"Kazi yako, baba?"

"Kibarua."

"Kibarua wa nini?"

Nikadakia mimi: grinda, zege, kavu, miaka yote hiyo. Akaweka kalamu chini, akainua picha kwenye mwanga upya.

Akatueleza kwamba vumbi la mchanga na mawe lina chembe ndogo mno, linafika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Makovu hayafutiki. Tena yanakaribisha kifua kikuu, kwa hiyo wenzake hawakukosea kuwa na wasiwasi. Ila grinda, basi, asiishike tena.

Mama Zuhura akauliza kwa sauti ndogo, "Na maziwa, daktari? Angeyanywa?"

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Vumbi linakwenda kwenye mapafu. Hayakutani."

Alijifunika khanga usoni. Alilia mpaka waliokuwa foleni nje wakachungulia.

Nilipompelekea Kanji habari, akasema, "Kumbe miaka yote najifariji tu." Wiki iliyofuata tukaanza kulowesha kuta kabla ya kukata.

Selemani aliuza vitunguu Buguruni, amekaa kwenye stuli. Alipata miaka kadhaa zaidi.

Kwenye msiba wa Selemani, Zuhura, msichana mkubwa sasa, alinivuta pembeni.

"Baba mdogo, shangazi anasema mimi ndiye niliyekunywa kifua cha baba. Ni kweli?"

Nikampa maneno ya daktari yaleyale. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Ndiyo maana nimeandika. Lowesheni kabla ya kukata, vaeni maski ya kweli, na hospitali msiseme kibarua. Semeni mnashika nini na mnavuta nini. Mliopita kwenye zege, kokoto au machimbo, nyie mlipewa nini kama kinga? Na nyumbani kwenu alilaumiwa nani?